Siku Bwana Yangu Alipoitwa De Cujus

Bwana yangu alikuwa akinunua kakao hapa Beni na kuipandisha Butembo kwa lori. Alipokufa kwa ugonjwa wa ini, kaka yake mkubwa alisema kiwanja chetu cha mtaa wa Beu ni mali ya ukoo. Tulishindwa kupatana nyumbani, tukashindwa tena mbele ya mchungaji, mwishowe tukafika mahakamani, kwenye tribinali.

Nilikuwa na avoka wa kunitetea, kijana mpole aliyesomea Butembo. Aliongea Kifaransa, na karani akawa anatutafsiria kwa Kiswahili. Lakini neno moja karani aliliacha vilevile. De cujus alinunua kiwanja. De cujus alijenga. De cujus aliacha mke na watoto. Masikioni mwangu lilikuwa jina la mwanamume, Dekijusi, na mwanamume huyo sikuwahi kumsikia.

Mwanzoni nilidhani wamechanganya kesi. Kisha avoka akataja majirani zetu, akataja mabati tuliyoezekea. Basi Dekijusi alikuwa bwana yangu. Mtu anajipa jina la pili kwa sababu gani? Nikawaza siku zote alizolala Butembo. Wasiwasi huo nilikuwa nao tangu tuoane, na sikuwahi kumwambia mtu, hata yeye mwenyewe.

Nilisimama bila kupewa ruhusa.

"Prezida," nikamwambia juge, yule hakimu wetu, "bwana yangu hakukuwaka na ile jina. Kama njo alikuwa anaitwa vile kwa mwanamuke mwengine, muniambie leo. Na ule mwanamuke akuje, nimuone."

Watu wakacheka. Karani alicheka mpaka akainamia meza. Avoka wangu alinivuta kitenge taratibu ili nikae. Juge peke yake hakucheka. Alinieleza kwamba lile si jina la mtu, ni Kilatini, lugha ya kale ambayo watu wa sheria bado wanaitumia. Maana yake ni yule ambaye urithi wake unazungumziwa. Katika kesi ya urithi kila marehemu anaitwa hivyo, awe tajiri, awe maskini.

"Ni bwana yako, mama," akasema. "Hakuna mwengine."

Nilikaa, uso ukiniwaka. Kutojua Kilatini hakukuniuma sana. Pale Beu nani anakijua? Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimemshitaki marehemu mbele ya ndugu zake, naye hawezi tena kujibu.

Tulipotoka, shemeji yangu, yule yule tuliyekuwa tunashitakiana naye, alinifuata uani. Hatukuwa tumesalimiana tangu matanga. Nikajifanya natafuta kitu ndani ya mfuko wangu.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "kule Butembo alikuwa analala kwangu. Kila safari. Chumba kimoja na batoto yangu."

Nilitaka kumwambia asante. Badala yake nilifunga mfuko, nikaondoka.

Hukumu ilitupa kiwanja na nyumba, mimi na watoto, na shemeji hakukata rufaa. Wanawake wenzangu sokoni walinipongeza, wengine wakiniita Mama Dekijusi kwa utani, nami nikacheka pamoja nao kwa kukosa la kufanya.

Mwaka jana shemeji alishuka Beni kwa harusi ya binti yangu. Nilimletea bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikammiminia maji ya kunawa. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za biashara. Nilimjibu nikiangalia beseni, na ile asante ya uani bado sikuitoa.