Mke wa Radi

Mume wake alikuwa bondia, na mashabiki walimwita Radi. Alipotundika glavu, jina halikustaafu naye. Mpaka leo mke wake, ambaye ni mshonaji, akishuka kutoka ghorofa ya tatu kununua uzi, hakosi kusikia: "Mama, Radi hajambo? Simba yule!"

"Hajambo," hujibu, kisha hupanda ngazi mbiombio, kwa sababu amemfungia simba ndani.

Alianza kumfungia mwaka jana. Radi alikuwa akitoka asubuhi na kaptura yake kwenda "mazoezini", anapotea, anarudishwa na watu wa mitaa ya mbali. Daktari alisema ni ubongo, umechoshwa na ngumi za miaka kumi na saba. Basi mke akauning'iniza ufunguo shingoni, ndani ya gauni, na tangu hapo amefungwa yeye pia. Wateja huwapimia mlangoni. Harusini haendi, msibani haendi. Binti yao, aliyeolewa mbali, humwambia kwenye simu, "Vumilia, mama. Baba ni mtu wa watu, tusimwaibishe."

Siku moja akimvika shati, Radi alimtazama kama hamjui, akamtandika. Wateja aliwaambia amejigonga mlangoni.

Wiki hiyohiyo alikuja mwanamke kutoka chama cha wanamichezo wastaafu, kumjulia Radi hali. Zamani alikuwa mkimbiaji. Sasa goti limekufa, akafika juu akihema. Alilitazama shavu la kulia la mwenyeji wake, lililovimba.

"Dada, mlango wenu unatumia mkono wa kushoto?"

Nani asiyeujua mkono wa kushoto wa Radi? Mshonaji alicheka, na kicheko kikageuka kilio.

"Sijamwambia mtu. Nimwambie nani? Wote mashabiki."

"Mimi si shabiki. Ndondi sijawahi kuzipenda."

Wakakubaliana: Jumanne na Ijumaa mgeni atakaa na Radi kwa saa mbili, mke atoke. Mgeni akamfundisha pia kumvika Radi akiwa amesimama ubavuni, si mbele yake, na asibishane naye.

Jumanne ya kwanza mshonaji alikabidhi ufunguo kwa shingo upande. Alipofika chini, miguu haikujua iende wapi. Akaketi kwenye benchi nje ya duka la uzi, masikio yamebaki ghorofani. Baada ya dakika ishirini akarudi. Radi alikuwa ametulia, anamwonyesha mgeni namna ya kufunga bendeji vidoleni.

"Mbona mapema?"

"Sikuwa na pa kwenda."

"Ijumaa utapata."

Ijumaa hakupata, ila alikaa nusu saa.

Radi hajapona, wala daktari hakuahidi. Mlango bado unafungwa. Lakini mwezi uliopita binti alipopiga simu na kuanza maneno yaleyale, mama yake alimkatiza.

"Baba yako ananipiga, mwanangu. Hajui anachofanya, lakini ananipiga. Njoo ukae naye wiki moja."

Binti akauliza basi la kuja huko linaondoka saa ngapi.