Programu Yangu Ilimwita Kaka Yangu Mwizi

Nawasalimu wote mnaosoma ukurasa huu. Admin amekubali kulificha jina langu, na majina ya ndugu zangu nimeyabadilisha maana huku kwetu tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, naishi Ilomba, Mbeya, nina banda la kutengeneza simu na kompyuta. Sijaolewa. Nawaandikia nikiwa nimechoka, na uchovu wenyewe si wa mwili tu.

Sisi ni Wasukuma. Baba alihamia Usangu na ng'ombe zake miaka ya sabini, akatuzaa huko, na mpaka leo anaishi karibu na Igawa. Ni mtu aliyependa sana magazeti, ila macho yamemharibikia, maandishi hayaoni tena. Nikamwekea kwenye simu sauti ya kumsomea. Shida ikawa tovuti zenyewe: akifungua habari moja, simu inaanza kumsomea matangazo ya mikopo na sabuni, bando linaisha habari haijafika katikati.

Ndipo nikachukua kompyuta ya zamani, nikaiweka chini ya meza hapa bandani, nikaifungia programu ya bure inayopita kwenye tovuti nilizochagua. Inachukua makala peke yake, inaacha matangazo na picha, halafu inatuma maneno matupu kwenye kundi la wasapu. Nilimfanyia baba, lakini majirani wakaomba kuingia, wakulima wa mpunga wakaingia, wafugaji nao. Mtu akijua bei za mpunga au ugonjwa wa mifugo uliotokea, amejua kupitia kwangu. Sikumtoza mtu chochote. Umeme ukikatika wananipigia simu kama vile mimi ndiye shirika la umeme.

Kaka yangu, nimwite Masanja, ananunua ng'ombe minadani. Mwaka jana aliibiwa ng'ombe, akatoa taarifa polisi, wezi wakakamatwa. Tovuti moja ya habari ikaandika tukio hilo, ila wakachanganya majina, Masanja wakamweka kwenye orodha ya watuhumiwa. Baadaye siku hiyohiyo walirekebisha, wakaandika vizuri kwamba yeye ndiye aliyeibiwa. Lakini programu yangu ikishachukua ukurasa hairudi tena kuuangalia. Ilichukua ule wa kwanza, wenye makosa, ikautuma.

Nilikuwa nabadilisha kioo cha simu ya mteja, baba akapiga.

"Mwanangu, simu imenisomea jina la Masanja. Inasema kaiba ng'ombe."

"Baba, haiwezekani."

"Imesoma mara mbili. Na hapa nyumbani watu wameshaanza kuja kunipa pole."

Niliacha kile kioo mezani. Nilipofungua tovuti nikakuta wameshasahihisha, nikatuma marekebisho kwa mkono wangu, nikaomba radhi kwenye kundi. Jamani, ile habari ya uongo ilishasambazwa mpaka Iringa. Marekebisho hakuyasambaza mtu.

Iringa ndiko alikokuwa mchumba wa Masanja, binti wa Kihehe, familia ya Kikatoliki ya kule Tosamaganga. Mahari ilishakubaliwa, ng'ombe walikuwa wanasubiri kupelekwa. Tulikwenda, mimi, Masanja na mshenga, nimeshika simu yenye marekebisho. Walitupokea kwa heshima, tukapewa chai. Baba mdogo wa binti akaisoma ile simu taratibu, akanirudishia.

"Binti yangu, habari ya kwanza imetoka kwako, na hii ya pili imetoka kwako. Tuamini ipi?"

Nikamwambia waulize polisi. Akasema, "Tutauliza. Lakini hizo ng'ombe zikiingia kwenye zizi letu, majirani watauliza zimetoka wapi. Tutawajibu wangapi?"

Mchumba alikuwa mlangoni, analia. Uchumba ukavunjika pale pale, kwa sauti ya upole kabisa, hakuna aliyetutukana. Tukapanda gari kurudi. Tulipofika Igawa Masanja akashuka, akainamia dirisha la upande wangu: "Zima hilo dubwana lako. Mpaka ulizime, usiniite kaka."

Sikulizima. Nilibadilisha utaratibu, sasa hakuna makala inayotoka kabla sijaisoma mwenyewe neno kwa neno na kurudi kuangalia kama imebadilika. Nasoma kabla ya kufungua banda, nasoma wateja wakiwa wamekaa wananisubiri. Nikichelewa, kundi linalalamika kwamba siku hizi nimekuwa mvivu. Najibu samahani. Wengi wao ndio walioisambaza ile habari, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kaka yako anaendeleaje.

Masanja hakanyagi kwa baba tangu siku hiyo. Anasema hawezi kukaa chumba kimoja na ile simu ikisoma. Na yule binti nimesikia ameshatolewa posa kwingine.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa baba nikamwambia nataka kuzima. Ile simu ilikuwa mapajani mwake. Akasema, "Ukizima, mimi nabaki na giza tupu. Lakini nenda kamwambie Masanja hivi: akikubali awe anakuja kunisomea yeye, zima hata leo. Asipokubali, usinizimie."

Sijampelekea huo ujumbe. Naogopa atasema hapana, halafu baba atajua kwa uhakika kwamba mwanawe hamtaki. Naogopa pia atasema ndiyo, aje wiki moja, aache, na mimi niwe nimeshazima. Kundi lina watu wengi wanaotegemea kazi hii, ila kaka ninaye mmoja tu, na baba anazeeka huku watoto wake hatuongei.

Ndugu zangu, mnisaidie kwa busara, matusi nimeshayapata ya kutosha. Niupeleke ujumbe wa baba, au nizime nikamwombe kaka msamaha bila sharti lolote? Nifanye nini?