Gundi ya Kanisani Bellevue

Aliyewasha hita ni mchungaji. Naanza na hilo, maana Bellevue nzima, mtaa wetu huku ugenini, ilisimuliwa vingine.

Kanisa letu lilikuwa vyumba viwili vya nyumba ya zamani, ukuta wa katikati umebomolewa. Unyevu ulikuwa umebandua rangi yote, tukaamua kubandika plastiki nyeupe, zile pana kama mlango. Tulijitolea mimi na shemeji yangu, mume wa dada. Yeye alikuwa fundi cherehani pale Yeoville, mtaa wa jirani. Mikono yake ndiyo ililisha watoto wanne.

Gundi ile unapaka ukutani, unapaka na nyuma ya plastiki, halafu unangoja. Ukigusa isikushike kidole, ndipo unabandika. Sasa ilikuwa Julai, na huku Julai ni baridi ya kuuma mifupa, gundi haikauki. Mchungaji akaingia, akafunga madirisha.

"Bado tu? Jumapili nina wageni."

"Baridi, Papa Mchungaji," shemeji akasema. "Gundi nayo ni Mkongomani, inataka jua."

Tukacheka. Mchungaji akasukuma hita ya gesi kutoka ofisini mwake. Sikusoma sana, lakini mchoro wa moto kwenye kopo la gundi nilikuwa nimeuona.

"Papa, hii kitu inashika moto."

"Ndugu, ndani ya nyumba ya Mungu unaogopa?"

Nikarudi kwenye brashi yangu. Kwetu mchungaji haambiwi hapana mara mbili. Mkosaji wa pili ni mimi.

Akawasha, akatoka kuongea na simu. Tukapaka ukuta mwingine.

Hewa yenyewe iliwaka. Sijui nieleze vipi. Kwanza mlio, halafu chumba kizima moto. Mimi nilikuwa mlangoni. Shemeji alikuwa ameshika plastiki kwa mikono miwili, ikamyeyukia humo humo.

Jumapili tuliabudu uani. Shemeji yuko hospitali, bandeji mpaka viwikoni. Mchungaji akasimama mbele ya wageni wake, hakupepesa jicho:

"Moto haukuchagua bure. Kuna mtu aliingia hapa na dhambi aliyoificha."

Watu wakaitika amina. Nikamgeukia dada yangu, nikijua sasa atainuka aondoke. Naye akaitika amina. Kisha akaniinamia sikioni, macho yamemvimba.

"Kaka, wewe ulikuwa naye kila siku. Niambie, alifanya nini?"

"Hita, dada. Ni hita tu."

"Shii," akasema. "Papa anaomba."