Wifi Aliyefua Blanketi la Marehemu

Wifi yake binti yangu aliondoka msibani na harufu ya mjukuu wangu, na watu wakamshukuru.

Msinicheke. Someni kwanza.

Mjukuu wangu Feleti alichukuliwa na homa, ndiyo kwanza anajifunza kuimba.

Hapa kwetu visiwani Tonga, mtoto akifa, shangazi yake ndiye mkubwa wa msiba. Basi Lupe, wifi mwenyewe, akaketi kichwani pa marehemu, kanyooka kama malkia. Sisi upande wa mama tuko nyuma, tumejifunga viunoni mikeka chakavu, vazi letu la msiba, tunapika na kupaliwa na moshi.

Lupe huyo! Hajawahi hata kumfuta Feleti kamasi.

Tulipozika, akabeba mikeka yote iliyoletwa kuwa rambirambi. Ni haki yake, na watu wakamshukuru. Ila akazoa na kiblanketi cha Feleti, ambacho binti yangu Telesia alikuwa halali bila kukinusa.

"Wifi, hicho niachie."

"Kitambaa tu ndicho kinakuliza? Utazaa mwingine, bibi wee!"

Mume wa Telesia akatazama chini. Kwetu mwanamume hamkatalii dada yake. Dume zima!

Telesia akalala. Chakula hataki, maji kwa kubembelezwa. Wakaja wenye midomo yao: "Mungu kampenda zaidi." "Jikaze." Wakala chakula chetu, wakaenda zao.

Mimi nikawa nashinda barazani kwa Lupe. Siombi, siondoki. Mpaka akachoka.

"Haya mama, chukua! Nimekifua na pasi nimekipiga. Kilikuwa kinanuka mkojo."

Nilitamani kumzaba kibao. Kilinukia sabuni ya unga, basi.

Nikampa Telesia. Nikajua na huyu ndiyo namzika.

Akanusa. Akanusa tena.

Mara huyo, kainuka!

Akaenda moja kwa moja hadi kwa Lupe, akamtupia kiblanketi usoni mbele ya akina mama wa kanisa.

"Umeniulia mwanangu mara ya pili! Shangazi gani wewe? Alikuwa anapenda wimbo gani? Sema!"



Telesia akarudi anafoka njia nzima, akajibwaga jikoni. "Mama, kuna chakula?"

Alikula kiazi kikuu huku analia, kamasi na chakula pamoja. Sijaona mlo mtamu kama ule.

Hadi leo wananisema sikumfunza adabu. Nawauliza: mlitaka adabu, au mlitaka nizike wawili?

Mfiwa mwacheni akasirike. Hizo "jikaze" zenu katafuneni wenyewe.