Noti ya Mpiga Fidla

Jamani, nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshalia nikachoka. Nilimuuguza Sir, bosi wangu, miaka minne hapa Dubai, na kila alasiri mzee yule alinichagulia muziki wa okestra. "Zuhura, leo sikiliza huu," alikuwa akisema. Mara wa zamani sana, mara wa mtunzi aliye hai bado. Kuna mmoja, fidla ikibaki peke yake, sote wawili tulikuwa tukilia. Nikamwambia kwetu Mombasa fidla kama hiyo haiachwi hivihivi, hutuzwa: unainuka na noti, unampa mpigaji palepale. Akacheka mpaka akakohoa.

Alipofariki, Madam, binti yake, akaandaa kumbukumbu ukumbini, okestra ipige muziki uleule. Mlangoni akanitambulisha kwa wageni: "Huyu ni rafiki wa baba, mwenzake wa muziki." Kichwa kikanivimba, mimi na buibui langu jipya, safu ya mbele!

Fidla ilipobaki peke yake, ikawa kama namwona Sir. Nikainuka. Nikapanda jukwaani taratibu nikiyumba, mkono juu, noti ya dirham mia ikipepea, kama niko harusini. Nikambandika mpiga fidla kwenye paji la uso.

Akaacha kupiga. Noti ikadondoka sakafuni. Katika kimya kile, ukumbi mzima ulimsikia Madam akimwambia jirani yake:

"Samahani sana. Ni mfanyakazi wetu wa ndani tu."