Mkwe wa Mwenyekiti Mbele ya Chama cha Misemo

Gotthilf Zwerenz alistaafu kazi ya bima akiwa na mgongo mzima, bustani iliyonyooka na uchu mmoja tu: misemo ya Waingereza. Kukiongea Kiingereza chenyewe hakukumshughulisha. London alifika mara moja, akanyeshewa, akarudi. Alichotaka ni kila msemo upate mwenzake wa Kijerumani, wakae pamoja kama soksi kwenye droo. Mwingereza aliyetapeliwa amenunua nguruwe ndani ya gunia. Mjerumani amenunua paka. Mwingereza akikutakia heri hupishanisha vidole. Mjerumani hufumbata dole gumba. Na vile vitenzi vyenye mkia, ambavyo Mwingereza huvifungia kineno nyuma na maana ikatoroka isijulikane ilikokwenda, Gotthilf alivipenda kama mtu anavyompenda mbwa mtundu.

Sasa pale Oberwiesach, mji wake mdogo wa Ujerumani, mtu akipenda kitu haishii kukipenda. Huanzisha chama. Wafuga njiwa wana chao, wanaotembea na fimbo wana chao, na waliogombana na wanaotembea na fimbo wana chao pia. Chama cha Misemo kilikutana kila Alhamisi jioni katika chumba cha nyuma cha baa ya Hirsch. Kilikuwa na katiba, mweka hazina na mtihani wa kuingia. Msemo haukuozeshwa mwenzake mpaka wanachama wanyoshe mikono. Mwenyekiti, tangu siku ya kwanza, ni Gotthilf.

Mwanawe Jochen akaoa Mwingereza. Bridget alikuwa fundi wa meno ya bandia kutoka Gateshead, ng'ambo tu ya mto kutoka Newcastle, mwanamke wa kicheko kikubwa na Kijerumani cha kuungaunga. Jumapili moja, kahawa na keki ya tufaha zikiwa mezani, alikiweka kikombe chini.

"Baba, mama, nimepewa kazi nyumbani. Wanataka jibu kabla ya Pasaka." Akalishika tumbo lake, lililokuwa limeanza kujitokeza. "Jochen akienda kazini mimi naongea na friji. Majirani wananisalimia vizuri, halafu wanafunga mlango. Sina watu hapa."

Walipoondoka, Irmgard, mke wa Gotthilf, alikusanya sahani kwa kelele zaidi ya ilivyohitajika.

"Mtafutie watu huyu mtoto. Mjukuu wangu sitaki nimwone kwenye simu kama mtangazaji wa hali ya hewa."

"Watu gani?"

"Wewe unajua watu gani, Gotthilf?"

Alijua watu wa aina moja tu. Alhamisi iliyofuata akapendekeza jina la Bridget chamani, na wote wakapiga meza kwa vifundo vya vidole, kama ilivyo desturi ya kushangilia. Mwingereza halisi! Wafuga njiwa wangekufa kwa kijicho. Ila mtihani ni mtihani.

Bridget alikuja amevaa gauni zuri. Mtahini alikuwa Adelbert Schnürle, aliyekuwa mkubwa wa ofisi ya ardhi, na siku za mtihani alivaa tai yenye bendera ya Uingereza.

"Bibi, mvua ikizidi, Mwingereza husemaje?"

"Husema inanyesha vibaya sana."

"Paka na mbwa," Schnürle akamsaidia, kwa upole wa daktari. "Wanaanguka paka na mbwa."

"Labda nyanya yangu. Mimi sijamsikia mtu akisema hivyo, isipokuwa hapa."

Schnürle akatia alama. "Tuendelee. Kupeleka makaa Newcastle. Nini maana yake?"

Uso wa Bridget ukachangamka. "Ah, hayo ya kwetu! Babu yangu aliyachimba. Migodi ikafungwa, mzee akakaa dirishani mpaka akafa. Siku hizi mtu akipeleka makaa Newcastle, tutamshukuru. Hatuna."

Watu wakacheka, wengine wakatikisa vichwa kwa huruma. Schnürle akangoja kicheko kiishe.

"Jibu ni kupeleka kitu mahali kilikojaa tele. Kwa Kijerumani, kubeba bundi hadi Athene."

"Athene kuna bundi?"

"Hilo halimo kwenye mtihani, Bibi."

Vitenzi vyenye mkia alivipata vyote, bila hata kuvuta pumzi. Lakini alipoulizwa kwa nini mkia huu na si ule, alisema, "Basi tu." Chumba kizima kikaguna. Kuna watu pale waliotoa miaka ya uhai wao kwa ajili ya mikia ile.

"Nisieleweke vibaya," Schnürle alisema, akifunika kalamu. "Kiingereza cha Bibi ni kizuri, ila ni cha nyumbani. Sisi hapa tunashughulika na Kiingereza chenyewe."

Ikapigwa kura. Mikono ya kukubali na ya kukataa ikawa sawa kwa sawa. Katiba ilisema mwenyekiti ndiye huamua, na macho yote yakamgeukia Gotthilf. Aliuona uso wa mkwewe, umetulia, unangoja. Aliliona tumbo. Akaona pia, wazi kama jua, watu wa Oberwiesach wakinong'onezana kwenye duka la mkate: Zwerenz anaingiza ndugu zake. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsema hivyo. Mkono wake ukabaki umelala mezani, kando ya bia.

"Mwenyekiti hapigi kura hii," alisema. "Ombi limeshindwa. Mwombaji anaweza kurudia mtihani baada ya mwaka."

Kwenye maegesho Jochen, aliyekuja kumchukua mkewe, alisimuliwa yote huku injini ikinguruma.

"Baba, hukuweza kuinua mkono? Mkono mmoja?"

"Ingekuwa upendeleo."

"Ni mke wangu!"

"Ndiyo maana ingekuwa upendeleo."

"Twende nyumbani, Bridget," Jochen alisema. "Nyumbani kwenyewe. Kesho uwaandikie kwamba tunakuja."

Gotthilf alisimama na kofia mkononi. Bridget hakuingia garini. Alikuwa anaitazama baa, mashavu mekundu.

"Mwaka mzima?" aliuliza. "Yule mwenye tai amenifelisha Kiingereza, halafu mimi nikimbie? Akae hapo aseme Mwingereza alishindwa akatoroka?" Akamgeukia mumewe. "Sijawahi kufeli mtihani nikauacha hivyo. Kazi ya Gateshead nitaikataa. Baba, Jumapili utanifundisha."

Hivyo Jumapili, baada ya keki, Gotthilf akawa anamfundisha mkwewe lugha ya mama yake mzazi. Mtoto wa kike akazaliwa, akalala kikapuni kati yao. Bridget alishika haraka. Kufikia majira ya baridi alikuwa akitaja bundi, paka na nguruwe bila kupepesa, na Gotthilf akaanza kukosa usingizi. Akifaulu, hana tena cha kumshikilia hapa; ataondoka.

Jumapili moja Irmgard alipita na birika, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe mpaka somo likaisha na Bridget akaenda kumbadilisha mtoto nepi.

"Gotthilf," alinong'ona. "Mimi Kiingereza sijui, lakini masikio ninayo. Wiki jana, kwenye ule msemo wa kutakiana heri, ulisema ni vidole. Leo umemfundisha ni viwiko."

"Polepole, atakusikia."

"Unamdanganya mtoto wa watu?"

Kupitia mlango uliobaki wazi, Mwenyekiti akamtazama mjukuu wake akirusha miguu hewani.

"Nampendelea," alisema.