Siku ya Kisasi Aliyoiruka Yesu

Watu husema nilifuata wokovu. Waongo hao. Mimi nilifuata kisasi, na nilikifuata mpaka ndani ya kanisa la nyasi pale Kenyamonta, enzi za Mwingereza.

Mume wangu aliuawa upande wa Machochwe akifuatilia ng'ombe wetu walioibiwa. Aliyemchoma mkuki tulimjua, mtu wa kilima cha pili. Boma la serikali pale Tarime lilimshika, likakosa shahidi, likamwachia, akarudi kwake kifua mbele. Nilimchukia mtu yule mpaka chakula kikawa hakishuki.

Sasa sisi Wakurya, kabla vijana hawajaenda kufuata mifugo iliyoibiwa, huenda kwanza kwa mzee anayeoteshwa, aseme nani atarudi na nani atalala huko huko. Kwa hiyo jirani aliponiambia kwamba kanisani wanaye mwotaji wa kale, anaitwa Isaya, na kwamba ametabiri siku ya kisasi cha Mungu, nilijifunga kaniki nikaenda. Nilimsikia mchungaji akiyasoma maneno hayo kwa sauti. Nikasema moyoni, huyu ndiye wangu.

Nikaingia darasa la ubatizo. Siku moja nikamuuliza mchungaji, mtu wa Nata mwenye subira ya kuudhi, "Hiyo siku ya Isaya ni lini?"

Akafungua Luka. Akanieleza kwamba Yesu, kule Nazareti, alipewa maneno hayo hayo ayasome. Akasoma habari njema kwa maskini na uhuru kwa wafungwa, na alipokaribia kisasi akafunga chuo, yaani kile kitabu cha nabii, akaketi.

"Manabii wote wanamsema yeye, mama. Ukimsikiliza nabii bila kumtazama yeye, utamsikia vibaya."

"Kwa hiyo ameniruka mimi?"

"Kisasi hakikufutwa. Kimo mikononi mwake."

"Mikono ipi? Hiyo iliyopigwa misumari? Itampiga nani?"

Akaanza kutafuta ukurasa mwingine. Nilitoka nimefura kwa hasira.

Kumbe dharau ilikuwa bado. Baada ya muda yule muuaji naye akaja darasani, akakaa benchi la wanaume, anaomba kubatizwa. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alipopata habari akanoa mkuki. "Siku ya ubatizo hatakuwa na silaha, shemeji. Niachie mimi." Nikamwambia ngoja kwanza, nina dawa yangu.

Dawa yenyewe ni hii. Kwetu, watu wenye damu kati yao hawali pamoja mpaka kondoo wa utakaso achinjwe. Wakila kabla, aliyeua huvimba tumbo akafa. Nami nilishaona kwamba kwenye meza ya Bwana sahani ni moja. Mkuki ungemmaliza upesi mno. Nilitaka afe huku anajua nani kamuua.

Tulipokwisha kubatizwa tukapangwa mbele, nikajisogeza mpaka nikawa ubavuni mwake. Mkate ukanifikia. Nikamega, nikala, nikamgeuzia sahani huku nimemkazia macho. Alikuwa Mkurya kama mimi, hakuhitaji kuambiwa. Akanyoosha mkono.

"Najua, mama," alisema polepole. "Nipe."

Akala.

Nikangoja. Kila Jumapili nilitazama tumbo lake kabla sijamtazama mchungaji. Mvua zikaja, zikapita, mwanaume yuko shambani analima, tumbo limeshikana na mgongo. Nikachoka. Nikamwendea shemeji zizini, nikamwambia, "Dawa yangu imeshindwa. Chukua mkuki wako."

Hakuinuka. "Ni kweli ulikula naye?"

"Nilikula naye ili afe."

"Sikuuliza kwa nini. Wewe ni mke wa nyumba hii. Ukila naye, nyumba nzima imekula naye, na waliokula pamoja hawauani. Nani wetu sasa atainua mkono?"

Siku ile nilimtukana shemeji, nikamtukana na Yesu, tena kwa Kikurya, maana Kiswahili kilikuwa chepesi mno kwa kazi hiyo. Kisasi changu Yesu alikichukua kwa mkono wangu mwenyewe, na mpaka leo sijamwambia asante.